Jina la Mti Kwanza, Msumeno Baadaye

Mada kwa mafundi wa misumeno, wenye miti na wasafirishaji wa magogo



Mada hii inahusu kazi ambayo mlio wake unafahamika kila kijiji. Msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wengi huuita chensoo, umebadilisha kabisa kazi ya kukata miti. Mti uliokuwa ukimchukua mwenye shoka siku nzima sasa hulala chini kwa dakika chache. Kasi hiyo ndiyo faida ya chombo hiki, na ndiyo hatari yake pia. Enzi za shoka, mzee aliyepita njiani alipata nafasi ya kusimama, kuutazama mti na kusema, "Huo usiukate, wanangu." Siku hizi mzee akifika huukuta mti umekwisha kuanguka.

Uchukuliwe mfano wa kikundi cha vijana kilichopata mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Katika asilimia hizo, 4 ni za wanawake, 4 ni za vijana na 2 ni za watu wenye ulemavu. Vijana hao wananunua msumeno, wanapata kazi ya kusafisha shamba, na ndani ya shamba hilo wanakata mti ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuliza jina lake. Jioni wanapakia magogo. Kesho yake gogo limezuiliwa, msumeno umezuiliwa na gari la kukodi limezuiliwa. Lakini mkopo haukuzuiliwa; marejesho yake yanaendelea kudaiwa kila mwezi. Kosa la asubuhi moja limekuwa deni la mwaka mzima.

Vijana hao hawakuwa wezi. Walikuwa na haraka. Ndiyo sababu mada hii ina neno moja kuu: jina la mti litangulie msumeno. Jina ndilo linaloamua kibali kinachohitajika, namna ya kuuandaa msumeno, na uzito wa mzigo utakaoingia barabarani. Anayelijua jina amekwisha kumaliza nusu ya kazi kabla injini haijawaka.

Kuutambua mti

Mti hautambuliwi kwa alama moja. Mtambuzi mzuri hutazama gome, jani, tunda, utomvu na rangi ya mti ndani, kisha huziunganisha alama hizo. Katika misitu ya miombo iliyoenea sehemu hizi za Mkoa wa Tanga, ipo miti minne ambayo kila mwenye msumeno anapaswa kuijua bila kubahatisha.

Wa kwanza ni mninga. Gome lake ni la kijivu iliyokolea, limepasukapasuka kama magamba. Tunda lake hutambulika kwa urahisi: ni bapa la mviringo lenye ukingo mwembamba kama karatasi, na katikati lina manyoya magumu yanayochoma vidole. Matunda hayo hubaki mtini hata majani yakiisha pukutika wakati wa kiangazi, kwa hiyo mti huu hutambulika hata ukiwa mtupu. Gome likikwanguliwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Kusini mwa nchi, mti huohuo huitwa mtumbati.

Wa pili ni mkongo, ambao sehemu za pwani huitwa mbambakofi. Ganda la tunda lake ni nene na gumu kama mti wenyewe. Likipasuka huonyesha mbegu nyeusi zinazong'aa, kila mbegu ikiwa imevikwa kikombe chekundu. Watoto wengi wa vijijini wamezichezea mbegu hizo bila kujua kwamba ni kitambulisho cha mojawapo ya miti yenye thamani kubwa nchini.

Wa tatu ni mpingo. Huu si mti mrefu. Mara nyingi una shina lililopinda, matawi mengi na miiba. Kwa sababu hiyo, wapo wanaoudhania kuwa kichaka tu na kuufyeka pamoja na mkulagembe, ambao nao una miiba. Tofauti zao ni wazi kwa anayetazama. Mkulagembe una majani madogomadogo sana, ua lenye rangi mbili, la zambarau hafifu na njano, na matunda yaliyojikunja pamoja kama fungu. Mpingo una vijani vipana zaidi, maua madogo meupe yenye harufu nzuri, na ganda la tunda jembamba na bapa. Tawi la mpingo likikatwa, hadithi huisha: nje kuna ukanda mwembamba mweupe, na ndani kuna kiini cheusi. Huo ndio mti wa vinyago vya Wamakonde, na ndio unaotengenezewa zumari za kisasa na ala nyingine za kupuliza katika viwanda vya Ulaya.

Wa nne ni mvule, mti mkubwa wenye shina lililonyooka, unaotoa utomvu mweupe kama maziwa ukikwaruzwa. Mvule una siri ambayo mafundi wazoefu wanaijua: ndani ya shina mara nyingine hujijenga vipande vya chokaa vigumu kama jiwe, visivyoonekana kwa nje. Mnyororo ukigonga kipande hicho meno yake huharibika papo hapo.

Majina hubadilika kutoka kabila hadi kabila na kutoka wilaya hadi wilaya. Mzigua anaweza kuwa na jina lake, Msambaa lake na mfanyabiashara wa mbao lake. Mtu asiyeufahamu mti anaoombwa kukata asione haya. Achukue kitawi chenye majani, tunda na kipande cha gome, avifunge katika gazeti, avipeleke kwa mzee anayeijua misitu au kwa afisa misitu. Hata wataalamu wa mimea hufanya kazi yao kwa kulinganisha vielelezo vya namna hiyo, na Arusha kuna hifadhi ya taifa ya vielelezo vya mimea inayotegemewa nchi nzima. Kitawi ndani ya gazeti hakigharimu kitu. Msumeno uliotaifishwa unagharimu.

Jina na kibali

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ndiyo inayoongoza uvunaji wa miti Tanzania Bara. Sheria hiyo inatambua misitu ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Inatambua pia kwamba ipo miti ambayo imehifadhiwa kwa aina yake. Mti wa asili wa aina hiyo hauwi huru kukatwa kwa sababu tu umesimama ndani ya shamba la mtu. Hapo ndipo wakulima wengi hujikwaa. Mkulima husema, "Shamba ni langu, mti ni wangu," kumbe anapaswa kuuliza kwanza.

Safari ya kibali huanzia kijijini. Mwombaji hufika serikali ya kijiji, maombi hujadiliwa, na hatimaye hufika katika kamati ya wilaya ya uvunaji, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Leseni ikitolewa hutaja aina ya miti, kiasi na eneo. Vilevile kila aina ina unene wa chini unaoruhusiwa kuvunwa, na unene huo hupimwa kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Fundi anaweza kuupima kwa futi ya kamba bila kifaa kingine: azungushe futi kwenye shina, kisha mzingo alioupata augawe kwa 3.14. Shina lenye mzingo wa sentimita 157 lina kipenyo cha sentimita 50.

Kijiji chenye msitu wake wa hifadhi, uliowekwa kwa utaratibu wa sheria na wenye mpango wa usimamizi, kinaweza kusimamia uvunaji ndani yake na kutumia mapato kwa maendeleo ya wanakijiji. Kwa hiyo anayekata bila kibali katika msitu kama huo haiibii serikali ya mbali. Analichukua dawati la mtoto wa jirani yake.

Mwenye msumeno, au anayekusudia kununua, afike pia katika ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, aelezwe masharti ya kuumiliki na kuutumia. Mahakama inaweza kutoza faini au kifungo, na inaweza kuamuru vifaa na gari vilivyotumika katika kosa vitaifishwe. Heri safari moja ya kuuliza kabla ya ununuzi kuliko safari nyingi za mahakamani baada yake.

Kuutunza msumeno

Baada ya jina na kibali, chombo chenyewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hiyo inaufaa msumeno kuliko vyombo vingi. Misumeno mingi inayofika kwa fundi wa matengenezo ikiwa imekufa haikuuawa na kazi nzito. Iliuawa na mambo madogo yaliyopuuzwa.

Jambo la kwanza ni mafuta. Injini ya msumeno haina hifadhi yake ya oili kama injini ya gari, bali hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Kwa misumeno mingi ya sasa, ikitumia oili maalumu ya injini za namna hiyo, kipimo ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Ipo misumeno, hasa ya zamani, inayohitaji oili zaidi, hivyo kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho. Anayekisia kwa macho, au anayetia petroli tupu kwa sababu oili imekwisha, huiunguza pistoni. Pistoni ikikwaruza silinda, matengenezo yake hukaribia bei ya msumeno mwingine.

Jambo la pili ni hewa. Chujio la hewa hujaa vumbi la mbao kila siku ya kazi. Likiziba, injini hukosa pumzi, hutoa moshi, hula mafuta mengi na hupoteza nguvu. Wengi hukimbilia kuifungua kabureta, kumbe dawa ilikuwa kulitoa chujio, kulikung'uta na kulisafisha kama kitabu kinavyoelekeza. Plagi nayo itazamwe. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, mchanganyiko au hewa haiko sawa.

Jambo la tatu ni mnyororo. Msumeno wenye makali hutoa vipande vya mbao vinavyoonekana. Mnyororo butu hutoa unga. Fundi akiona unga tu anapopasua mti mbichi kwa kuukata kingamo, asimame na kuchukua tupa. Tupa ya mviringo inayolingana na ukubwa wa jino ndiyo inayotumika, na kwa minyororo mingi pembe yake ni nyuzi 30. Kila jino lipigwe idadi ileile ya mikwaruzo, tupa ikisukumwa upande mmoja tu, kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja ukinolewa kuliko mwingine, msumeno huvuta pembeni na mkato hupinda. Hapa jina la mti linarudi tena: mpingo, msaji na mvule humaliza makali mapema, kwa hiyo anayekwenda kuikata achukue mnyororo wa pili na tupa ya ziada.

Mkazo wa mnyororo hupimwa injini ikiwa imezimwa na mnyororo umepoa. Ukivutwa kwa vidole vilivyovaa glavu, uinuke kidogo lakini vijino vyake vya chini visitoke kabisa katika mfereji wa bapa, na uweze kuzungushwa kwa mkono. Mnyororo uliolegea huruka; uliokazwa mno hulichoma bapa. Bapa lenyewe ligeuzwe mara kwa mara ili lisiliwe upande mmoja. Oili ya mnyororo ijazwe kila mafuta yanapojazwa. Mazoea ya kutumia oili chafu iliyomwagwa kutoka katika gari yaachwe, maana hurushwa hewani, huingia katika ngozi na macho ya fundi, na hubaki katika udongo.

La mwisho ni breki ya mnyororo. Ncha ya juu ya bapa ikigusa kitu kigumu, msumeno hurushwa nyuma kuelekea usoni mwa mtumiaji kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoweza kuiwahi. Breki ndiyo inayousimamisha mnyororo wakati huo. Msumeno ambao breki yake imevunjika au imeondolewa usipelekwe kazini, hata kwa tawi moja. Vijana wanaotaka kuijua kazi hii kwa undani wanaweza kutafuta mafunzo. Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichopo Moshi kimekuwa kikifundisha kazi za mbao na utunzaji wa misumeno kwa miaka mingi.

Kuuangusha mti

Kabla ya kuwasha injini, fundi auzunguke mti na kuutazama kutoka chini hadi juu. Atazame unaegemea wapi, una tawi kavu, una uwazi, na una nyuki. Ngurumo ya msumeno huwaudhi nyuki, na mtu aliye na chombo kinachozunguka mikononi hana namna ya kujikinga na kundi lao. Katika wilaya ambayo watu wake wamefuga nyuki tangu enzi za mababu, mti wenye mzinga usiguswe kabla mwenye mzinga hajaarifiwa.

Miti ya nyumbani nayo ina hatari zake. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na utomvu wake huwawasha baadhi ya watu ngozi. Mnyaa unaopandwa kuwa ua hutoa maziwa ambayo msumeno huyarusha, nayo yakiingia machoni yanaweza kuleta madhara makubwa. Ua huo ukatwe kwa panga, kwa uangalifu, macho yakiwa yamekingwa. Mti wa kando ya nyumba huwa na misumari, nyaya na vipande vya bati vilivyomezwa na gome. Mti ulio karibu na waya wa umeme hauangushwi hadi TANESCO waarifiwe.

Mkato wa kwanza ni mdomo unaoelekezwa upande mti utakaoangukia, wenye kina cha kati ya moja ya tano na moja ya tatu ya kipenyo. Mkato wa nyuma hufuata, lakini haufiki mwisho. Huachwa ukanda usiokatwa, wenye unene wa karibu moja ya kumi ya kipenyo, unaofanya kazi kama bawaba ya mlango. Anayeikata bawaba yote ameukabidhi mti uamuzi wa mahali pa kuangukia. Njia ya kukimbilia isafishwe mapema, ikielekea nyuma kwa upande, si nyuma moja kwa moja, kwa kuwa shina huweza kuruka nyuma. Watazamaji, hasa watoto, wakae mbali kwa umbali usiopungua urefu wa miti miwili kama huo. Kofia ngumu, miwani, vikinga masikio, viatu vigumu na suruali ya kinga si pambo. Kandambili si kiatu cha kazi hii.

Kuvuta na kusafirisha gogo

Gogo likiwa chini, wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe sehemu iliyobaki ndiyo inayohusisha watu wengi zaidi, maana sasa mzigo unaingia barabarani.

Anayevuta gogo kwa trekta afunge mnyororo kwenye kiungio cha kuvutia kilicho chini, kamwe si juu ya ekseli ya nyuma. Ukifungwa juu na gogo likakwama kwenye kisiki, magurudumu ya mbele huinuka na trekta humpindukia dereva. Asiwepo mtu karibu na mnyororo au kamba iliyokazwa, wala anayeipanda wala anayeiruka, kwa sababu ikikatika hupiga kama mjeledi. Gogo lisiburutwe juu ya barabara. Tingatinga na greda huja mara chache, lakini mfereji uliochimbwa na gogo hukaa hadi mvua iugeuze korongo, na barabara za vijijini zinazosimamiwa na TARURA ndizo zinazompeleka mama mjamzito zahanati.

Uzito haukisiwi. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 3 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.59. Mti mbichi mara nyingi hukaribia tani 1 kwa kila mita ya ujazo, hivyo gogo hilo moja ni karibu kilo 600. Magogo mawili ya namna hiyo yamekwisha kuipita gari ndogo ya wazi iliyotengenezwa kubeba tani 1. Mpingo ni mzito zaidi; mita ya ujazo hukaribia tani 1.2, ndiyo maana huzama majini. Kipande cha mpingo chenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 2, ambacho kwa macho ni kidogo, kina uzito wa karibu kilo 170. Jina la mti limerudi kwa mara ya tatu, sasa likiwa juu ya ekseli.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ilianza kutumika nchini tarehe 1 Machi 2019. Magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 hulazimika kupita mizani. Ekseli moja yenye matairi manne hairuhusiwi kuzidi tani 10, ekseli mbili zilizofuatana tani 18, ekseli tatu tani 24, na gari zima tani 56. Kumbuka kwamba gari linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado likakosea, ikiwa magogo yamerundikwa upande mmoja na kuzidisha uzito wa ekseli moja.

Tela lisajiliwe na liwe na namba yake, taa za nyuma zinazowaka na akisi. Mzigo upangwe hivi kwamba sehemu kubwa kidogo iegemee mbele ya ekseli ya tela. Ukiegemea nyuma, tela huyumba na kulivuta gari. Pamoja na kiungio kuwe na mnyororo wa usalama, ili kiungio kikifunguka tela lisiende peke yake. Magogo yafungwe kwa minyororo au mikanda imara, na dereva asimame baada ya kilomita chache kuikaza upya, kwa kuwa magogo hujipanga yakitikiswa. Gogo linalotokeza nyuma liwekewe kitambaa chekundu. Hakuna mtu anayepanda juu ya magogo, hata kwa mwendo mfupi, hata akiwa amechoka. Dereva awe na leseni ya daraja linalolingana na chombo anachoendesha.

Kisha kuna hati. Mazao ya misitu husafiri na hati yake ya kusafirishia, inayotaja aina ya mti, kiasi, gari na njia. Mbao na magogo hugongwa nyundo ya misitu kabla ya kuondoka.   Mti uliokatwa kwa kibali lakini ukasafirishwa bila hati hugeuka kosa, na juhudi zote za mwanzo hupotea.

Wajibu wa kila mkazi

Yapo mambo ambayo hata asiyewahi kuushika msumeno anaweza kuyafanya. Mwenye mti anayemwita fundi amuulize maswali matatu kabla ya kukubaliana bei: mti huu unaitwaje, breki ya msumeno inafanya kazi, na gogo litaondokaje. Fundi asiye na majibu aambiwe arudi akiwa nayo. Kikundi kilichokopeshwa msumeno kiwe na daftari linaloandikwa tarehe, jina la mti, mwenye mti, namba ya kibali, mafuta yaliyotumika na matengenezo yaliyofanywa, maana mali bila daftari huisha bila habari. Serikali ya kijiji iwaite wazee wanaoijua miti, waandamane na vijana siku moja msituni, waitaje miti kwa majina ya nyumbani na kwa majina yanayotumika katika leseni. Elimu hiyo wazee wanayo bado, lakini haijaandikwa popote, na kila msiba wa mzee huondoka na sehemu yake.

Mninga unaoonekana leo kando ya shamba ulikuwapo kabla ya wengi waliomo katika mkutano huu kuzaliwa. Dakika tano za kuuliza jina lake haziwezi kuwa nyingi mno. Mti usiojulikana jina usikatwe leo. Usubiri kesho, kitawi chake kikiwa mezani kwa afisa misitu na msumeno ukiwa nyumbani, umezimwa, umenolewa na haujadaiwa na mtu.